Ofseti ya rimu: soma namba iliyo nyuma ya spoku kabla hujalipia rimu za Altezza yako

Mleta uzi (Mwanza):

Wakuu, natanguliza salamu kutoka Mwanza. Nimefungua uzi huu kwa sababu swali moja limenifuata kwa muda mrefu kutoka kwa vijana wenye Altezza, Mark X na Subaru Impreza: ni rimu gani itakaa vizuri kwenye gari langu? Wengi wanaouliza huwa wameshachagua rangi na inchi, na wengine wameshaacha malipo ya awali dukani, lakini hawajageuza rimu na kuisoma kwa nyuma, mahali ilipogongwa namba ambayo itaamua kama gari litatembea kwa raha au litaanza kukwaruza fenda siku hiyohiyo.

Mimi mwenyewe nililipa gharama ya kutoisoma. Gari langu ni Altezza RS200, ambayo ilitoka kiwandani na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7 na ofseti ya +50, zikiwa na matairi ya 215/45R17. Nilinunua rimu za mtumba kutoka Japani zilizokuwa zimesafishwa vizuri sana, upana wa inchi 8.5 na ofseti ya +20, nikavalisha matairi ya 225/45R17. Muuzaji aliniuliza idadi ya matundu ya nati tu. Zilifungwa, gari likashushwa kwenye jeki, na kwa kweli lilipendeza. Jioni ile nilibeba watu watatu kuelekea Igoma, na kwenye tuta la kwanza nilisikia mlio wa kitu kinachokwanguliwa upande wa nyuma. Kwenye tuta la tatu harufu ya mpira uliounguzwa ilishaingia ndani. Niliposimama na kumulika kwa simu, nilikuta bega la nje la tairi la nyuma kushoto limekatwa mfereji mwembamba ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, na kwenye mdomo wa fenda kulikuwa na unga mweusi wa mpira uliojikusanya kama masizi ya chini ya sufuria. Rangi ya ule mdomo ilikuwa imeshapasuka.

Naomba sasa nieleze ofseti ni nini, kwa sababu maneno yanayotumika mtaani, kwamba rimu hii "inatoka" na ile "inaingia", yanatuficha jambo lenyewe.

Rimu ina upana. Chukua upana huo ukaugawe katikati, upate mstari wa kufikirika unaopita katikati ya rimu. Kisha tazama ule uso wa bapa ulio nyuma ya spoku, ambao unabanwa kwenye haba ya gari, yaani kile kitovu kinachozunguka na gurudumu. Umbali kati ya uso huo na ule mstari wa katikati, kwa milimita, ndio ofseti. Uso ukiwa umesogea upande wa barabarani, yaani upande wa spoku zinazoonekana, ofseti ni chanya, na sehemu kubwa ya rimu inaingia ndani ya gari. Uso ukiwa juu ya mstari wenyewe, ofseti ni sifuri. Uso ukiwa umerudi upande wa ndani, ofseti ni hasi, na rimu inakuwa na lile bakuli refu la nje ambalo wengi wanalipenda. Karibu magari yote madogo ya Kijapani tunayoyaona hapa yana ofseti chanya. Kwenye rimu yenyewe utaikuta imeandikwa ET, herufi zinazotokana na neno la Kijerumani Einpresstiefe, au utaikuta kama namba tu baada ya upana, kwa mfano 17x7.5J +45. Hiyo J inaeleza umbo la ukingo unaoshika tairi, wala haihusiani na ofseti.

Kosa ambalo ningependa kila anayesoma hapa aliepuke ni kulinganisha ofseti peke yake bila upana. Nimemsikia muuzaji akimhakikishia mteja kwamba ET45 ni salama kwa sababu iko karibu na ya kiwandani. Haiwezi kuwa salama wala hatari mpaka ujue rimu ina upana gani. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha upana wa inchi kwa 25.4 upate milimita, gawa kwa 2, kisha toa ofseti upate umbali kutoka kwenye uso wa haba hadi ukingo wa nje, na jumlisha ofseti upate umbali hadi ukingo wa ndani. Ukingo halisi wa chuma huzidi hapo karibu nusu inchi kila upande, lakini kwa kuwa unalinganisha rimu mbili zenye ziada ileile, ziada hiyo haibadilishi jibu.

Rimu ya kiwandani ya Altezza, 7J ET50: nusu ya upana ni 88.9. Nje ni 38.9, ndani ni 138.9.

Rimu niliyoinunua, 8.5J ET20: nusu ya upana ni 107.95. Nje ni 87.95, ndani ni 127.95.

Ukingo wa nje, kwa hiyo, ulikuwa umetoka milimita 49 zaidi ya pale Toyota walipouweka, karibu sentimita tano, na upande wa ndani kulikuwa na nafasi ya milimita 11 iliyokaa bure. Ningeifanya hesabu hii dukani kwa simu yangu, isingenichukua dakika mbili.

Sasa linganisha rimu mbili nyingine, 8J ET35 na 9J ET45. Ukisikiliza namba ya ofseti pekee utadhani ya pili ndiyo inayokaa ndani zaidi. Ya kwanza inafika 66.6 nje na 136.6 ndani, ilhali ya pili inafika 69.3 nje na 159.3 ndani. Ile yenye ofseti kubwa inatoka nje zaidi ya mwenzake, na wakati huohuo inaingia ndani zaidi yake kwa milimita 22.7, ambako inaweza kukutana na shokapu, mkono wa sasipensheni au mpira wa breki. Hili la kugusa ndani ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani ukiwa umesimama kando ya gari.

Mkazi wa Nyegezi:

Asante sana mkuu kwa maelezo haya. Nina Altezza kama yako na nilikuwa nimebakiza siku chache tu ninunue. Naomba kuuliza, je, madhara yake ni fenda peke yake? Kuna fundi aliyeniambia nikunje mdomo wa fenda kwa ndani na tatizo litakuwa limekwisha.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, kukunja mdomo wa fenda kunaondoa mkwaruzo, lakini gurudumu linabaki palepale lilipohamishiwa. Na hata kukunja kwenyewe kuna namna yake: bati linapashwa moto taratibu ili rangi isipasuke, kisha linakunjwa kidogo kidogo. Ukipasua rangi kwenye mkunjo ule na ukaacha bila kuziba, maji na tope vitaingia kati ya bati mbili na kutu itaanza kula kutoka ndani. Sisi tulio kando ya ziwa, ambao magari yetu hulala kwenye unyevu, tunaijua vizuri kazi ya kutu.

Madhara mengine yako chini zaidi. Fikiria mstari unaopita kwenye boljointi ya juu na ya chini ya gurudumu la mbele, ukashuka mpaka ardhini. Gurudumu linapogeuka kwa usukani linazunguka kwenye mstari huo. Waliosanifu gari walipanga umbali kati ya pale mstari unapogusa ardhi na katikati ya tairi, na umbali huo ndio unaofanya usukani uwe mtulivu. Ofseti yangu ilipotoka +50 hadi +20, katikati ya kila tairi ilihama milimita 30 kwenda nje. Naomba msichanganye hii 30 na ile 49 niliyoitaja juu: ukingo ulihama 49 kwa sababu upana nao uliongezeka, lakini katikati ya tairi inafuata ofseti tu. Milimita hizo 30 ni mkono wa ziada ambao kila shimo, kila mtaro wa lami na kila breki isiyokamata sawa pande zote unautumia kuuvuta usukani mikononi mwako. Kwenye barabara ya Musoma, kuanzia Kisesa, pale ambapo malori mazito yamekanyaga lami ikaacha mapito mawili, gari langu lilikuwa linatafuta pito lenyewe na mimi nikifanya kazi ya kulirudisha.

Beringi nayo inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi kuliko ilivyopangiwa. Ya kwangu ya mbele kushoto ilianza kuunguruma, mlio unaopanda gari linapoongeza mwendo na unaobadilika ukikata kona, na ililazimika kubadilishwa. Hata springi zinakuwa kama zimelegea, kwa kuwa gurudumu lililosogea nje linazikandamiza kwa wenzo mrefu. Mtu atadhani shokapu zimekufa, atanunua nyingine, na shida itabaki.

Kwa hiyo swali lisiwe fenda itagusa au haitagusa. Uliza gurudumu limehama kiasi gani kutoka pale lilipopangiwa, kwa upande wa nje, wa ndani, na katikati.

Dereva wa Kisesa:

Mkuu, nina Impreza WRX STI ya 2003 na rafiki yangu ananiuzia rimu zilizokuwa kwenye Altezza. Zote zina matundu matano. Kwa mujibu wa hesabu yako ofseti inakaribiana. Nichukue?

Mleta uzi:

Usichukue, ndugu. Ofseti inakuja baada ya maswali mengine mawili kujibiwa, na gari lako linakwama kwenye swali la kwanza.

Swali hilo ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Altezza ni 5x114.3. STI ya mwaka wako ni 5x100, na Subaru waliihamishia STI kwenye 5x114.3 kuanzia modeli ya 2005. Matundu yote ni matano, lakini hayakutani. Kama rimu haina maandishi, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake: ukipata karibu milimita 67.2 hiyo ni 114.3, na ukipata karibu 58.8 hiyo ni 100. Nimewahi kuona rimu iliyochongwa matundu kwa nguvu ili ikubali haba isiyo yake. Mwenye gari hilo namwomba aivue leo.

Swali la pili ni tundu kubwa la katikati. Haba ya Altezza ina kipenyo cha milimita 60.1, ya Subaru ni 56.1. Rimu nyingi zinazouzwa kwa magari ya aina mbalimbali huwa na tundu kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie kwenye haba nyingi, na nafasi inayobaki hujazwa kwa ringi nyembamba ya plastiki au aluminiamu. Bila ringi hiyo rimu inategemea nati peke yake ijipange katikati, na ikikaa pembeni hata kidogo usukani utatetemeka kwenye mwendo mkubwa, nawe utamlaumu fundi wa balansi asiye na kosa. Ringi ni kitu kidogo na cha bei nafuu, iulizieni.

Na kwa kuwa umetaja Subaru na Toyota pamoja, niseme na hili: nati zao hazibadilishani. Zote ni za milimita 12, lakini nyuzi za Toyota zina hatua, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi, ya milimita 1.5 na za Subaru 1.25. Nati ya mmoja huanza kuingia kwenye studi, ile bolti inayotokeza kwenye haba, ya mwenzake mizunguko michache, kisha inakaza, na kijana mwenye mashine ya upepo anaisukuma hadi mwisho akidhani ni kutu. Hapo nyuzi zimeshakufa.

Fundi wa Buzuruga:

Naunga mkono hoja ya nati, na naomba niongeze uzoefu wa gereji. Rimu nyingi za spoti zinahitaji nati yenye koni ya digrii 60, ilhali baadhi ya rimu za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Mteja anakuja na rimu mpya na nati zake za zamani, tunafunga, baada ya siku chache zimelegea, kwa sababu washa bapa ilikuwa imekalia mdomo wa shimo la koni kwa ukingo tu. Nauliza kuhusu spesa, kile kipande cha chuma kinachowekwa kati ya haba na rimu. Vijana wengi wanakuja na rimu za kiwandani wanataka ziletwe nje kwa spesa. Wewe unazionaje?

Mleta uzi:

Nashukuru fundi, umenena jambo ambalo sisi wenye magari hatulioni mpaka tairi litikisike.

Spesa ni ofseti kwa njia nyingine. Spesa ya milimita 15 kwenye rimu ya ET50 inakupa ET35, na yote niliyoyaandika juu kuhusu usukani na beringi yanahusika vilevile. Siipingi kwa jina lake, napinga namna inavyofungwa hapa kwetu. Spesa ya kupachika tu, ile isiyo na studi zake, inakula urefu wa studi za gari. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike studi kwa urefu usiopungua unene wa studi yenyewe: studi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5 inahitaji mizunguko 8 kamili. Hesabu kwa mkono, bila spana, kuanzia nyuzi zinapokamata. Ukipata mizunguko mitano, toa spesa hiyo au badilisha studi ziwe ndefu. Zile nene zenye studi zake zinafungwa kwenye haba kwa nati, kisha rimu inafungwa juu yake, na hapo kuna seti mbili za nati ambazo zote zinahitaji kukazwa kwa kipimo na kukaguliwa. Kwa Altezza kipimo cha nati za magurudumu ni Nm 103, kwa spana ya kipimo, na baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza zirudiwe. Kusimama juu ya wilispana kwa mguu si kipimo.

Spesa haikunipendeza kwa sababu nyingine pia: anayeinunua huwa hajapima. Ananunua ya 20 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani.

Mkazi wa Nyegezi:

Mkuu, rimu ninayoitaka haina maandishi ya ofseti, yamefutika au imepakwa rangi juu yake. Nitaipimaje? Na kwenye gari langu nitajuaje nina nafasi kiasi gani?

Mleta uzi:

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Rimu ilaze kifudifudi, spoku zikitazama chini juu ya kitambaa, ikiwa haina tairi kama inawezekana. Weka ubao mnyoofu au rula ndefu ya chuma juu ya ukingo wa nyuma, ikatize kutoka upande hadi upande. Kwa tepu, pima kutoka chini ya rula hadi kwenye ule uso wa bapa unaokaa kwenye haba. Kisha pima upana wote wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo, ugawe kwa 2. Ule urefu wa kwanza ukitoa nusu ya upana wote, unapata ofseti. Mfano: rimu ya 8J ina upana wote wa karibu milimita 228.6, maana ukingo wa pande zote mbili umeongezeka, na nusu yake ni 114.3. Kama kutoka rula hadi uso wa haba umepata 149, basi ofseti ni karibu 35. Rudia kipimo sehemu tatu tofauti za ukingo, kwa sababu rimu za mtumba nyingine zimepinda, na vipimo vitatu visipolingana umeshajua jambo jingine muhimu kabla hujatoa fedha. Ukiwa hapohapo chini, tafuta alama ya JWL, ambayo ni ya viwango vya Japani kwa rimu za aloi, na ya VIA, inayoonyesha kwamba rimu ilipelekwa kwenye upimaji huru. Tazama pia mizizi ya spoku kwa nyuma kama kuna mstari wa ufa au mahali palipochomelewa.

Kwenye gari, simamisha mahali tambarare, ambapo kwa Mwanza si kila mtu anapo. Mimi hushuka hadi kwenye maegesho ya sakafu ya saruji kwa sababu nyumbani kwangu ni mlimani juu ya mawe na gari hulala limeinamia upande mmoja. Weka mizigo au watu kama unavyotembea siku zote. Ning'iniza timazi kwenye mdomo wa fenda, juu kabisa ya gurudumu, uzi ushuke mbele ya tairi, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi ulipotuna zaidi. Hiyo ndiyo nafasi ya nje. Kwa ndani, ingiza vidole au vipande vya mbao vya unene unaoujua kati ya tairi na kitu kilicho karibu zaidi, uwe mkono wa sasipensheni, shokapu au plastiki inayofunika ndani ya fenda. Magurudumu ya mbele yapime usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa mwisho kushoto, kisha mwisho kulia, na uchukue nafasi ndogo kuliko zote.

Tairi nalo lina hesabu yake. Kila unapoongeza nusu inchi ya upana wa rimu, tairi lilelile linatanuka karibu milimita 5, yaani 2.5 kila upande. Kwa hiyo ubavu wa tairi unahama kidogo kuliko ukingo wa rimu. Ukibadilisha pia saizi ya tairi, angalia kimo chake: 215/45R17 ina kipenyo cha karibu milimita 625, na 225/40R18 karibu 637. Hizo 12 zinagawanyika, 6 zinapanda juu kuelekea fenda. Mtu anayetaka inchi 18 bila kugusa kimo sana atafute 215/40R18, ambayo ni karibu 629.

Jambo la breki nitalipitia haraka, kwani Altezza yenye breki za kiwandani haina shida kwenye inchi 17: aliyebadilisha kalipa kuwa kubwa apime pia nafasi kati ya kalipa na mgongo wa spoku, kwa sababu rimu mbili zenye ofseti moja zinaweza kuwa na spoku zilizopinda tofauti.

Mkazi wa Nyegezi:

Nimepima leo jioni na mdogo wangu, tukatumia uzi na nati kubwa kama timazi. Matairi ni 215/45R17 kwenye rimu za kiwandani, watu wawili wamekaa nyuma. Mbele nje nina milimita 26, nyuma nje nina 19. Ndani, nafasi ndogo kuliko zote ni 15. Dukani kuna seti mbili zenye tundu la katikati la 73.1: 8J ET38 na 7.5J ET45, zote inchi 17, na matairi nitahamisha haya niliyonayo. Ile ya 8J ndiyo inayonivutia zaidi.

Mleta uzi:

Umepima vizuri kuliko nilivyotarajia, na umefanya la maana kuweka watu nyuma.

Tuanze na 8J ET38. Katikati ya tairi inatoka nje milimita 12, na tairi linatanuka 5 kila upande kwa kuwa rimu imeongezeka inchi nzima. Ubavu wa nje unatoka 17. Mbele unabakiwa na 9, nyuma unabakiwa na 2. Kwa ndani hakuna hofu, tairi linaondoka kwenye sasipensheni kwa milimita 7. Tatizo lako liko nyuma. Milimita 2 gari likiwa limesimama zitaisha kwenye tuta la kwanza ukiwa na abiria wanne, na wewe unapita Mkolani na Usagara kila siku.

Kwa 7.5J ET45, katikati inatoka 5 na tairi linatanuka 2.5. Ubavu wa nje unatoka 7.5, unabakiwa na 18.5 mbele na 11.5 nyuma, na ndani unaongezewa 2.5. Usukani hautaona tofauti kubwa, na gurudumu litajaza fenda vizuri zaidi ya ilivyo sasa. Tairi la 215 liko huru kabisa kwenye upana huo.

Ningekuwa mimi ningechukua 7.5J ET45 bila kurudi nyuma kutazama ile nyingine. Nunua ringi nne za 73.1 kwenda 60.1 na nati za koni zenye hatua ya 1.5, kisha ukimaliza kufunga, inua gurudumu la nyuma kushoto kwa jeki iliyowekwa chini ya mkono wa sasipensheni, si chini ya bodi, mpaka springi ikandamizike, uone kwa macho tairi linavyopanda ndani ya fenda. Tuletee kipimo utakachopata pale juu.

Mkazi wa Nyegezi:

Nimerudi, wakuu. Nimechukua 7.5J ET45. Rimu moja tuliikataa palepale dukani kwa sababu vipimo vitatu vya rula vilitofautiana kwa milimita 4, wakatubadilishia. Ringi zimeingia kwa kusukuma kwa kidole gumba, nati zimekazwa Nm 103. Tuliinua nyuma kushoto kama ulivyoelekeza, springi ikakandamizika, na kati ya bega la tairi na mdomo wa fenda umebaki upana wa kidole changu kidogo, ambacho nimekipima: milimita 13. Kesho napita Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema na familia nzima ndani, na nikirudi nitakaza nati tena.